Anaumwa au Ameumia

Shemeji yangu hashuki kitandani kama watu wengine. Anakaa kwanza ukingoni, anautazama mguu wake wa kulia kama anayemtazama mbwa asiyemjua, halafu anauteremsha pole pole, vidole kwanza. Kisigino kinabaki juu. Kutoka kitandani mpaka bafuni anakwenda kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta, na ukuta wenyewe umeota mstari mweusi wa kiganja chake ambao mdogo wangu amechoka kuufuta.

"Unanyata kama mwizi, na kodi ya nyumba unalipa mwenyewe," mdogo wangu humwambia.

"Mwizi ana afadhali, mke wangu. Akifika mlangoni anakimbia."

Watu wa mpira wanamwita Komeo. Ni beki wa kati, na jina alipewa na mashabiki kwa sababu akishasimama pale mlango umefungwa. Mimi ni kaka wa mke wake, na katika klabu hiyo hiyo nilikuwa mtunza vifaa. Nafua jezi, nasugua njumu, najaza mipira upepo. Kwa hiyo Komeo nimemwona nyumbani na nimemwona kazini, na hakuna aliyemwona sehemu zote mbili isipokuwa mimi. Mimi si mtu wa maneno. Wachezaji walikuwa wakinitania kwamba jezi zikiloweshwa zinapiga kelele kunishinda. Lakini hili limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, na ni bora niliandike.

Kisigino kilianza msimu ule klabu ilipoanza kukodisha uwanja wetu wa mazoezi kwa matamasha ya muziki. Nyasi zikakanyagwa na majukwaa na magari, na sisi tukahamishiwa kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya maghala. Pale mpira ukidunda unaruka mpaka kifuani, na mtu akiruka akatua, unasikia meno yake. Kocha alilalamika mara moja akaambiwa kuna makocha wengi hawana kazi. Hakulalamika tena.

Mimi nilijua kwa njumu. Njumu ya kulia ya Komeo ililika mbele tu, meno ya kisiginoni yakabaki mapya kama ya dukani. Nikamwita kwenye chumba changu cha vifaa, chini ya jukwaa la mashabiki, nikamwonyesha.

"Shemeji, huku nyuma hukanyagi?"

"Nakanyaga nikisahau," akasema. "Na nikisahau nakumbushwa hapo hapo."

Nikachukua kandambili kuukuu, nikakata kipande cha sponji laini, nikakitia ndani ya kiatu. Kikamsaidia wiki mbili tatu. Nikakata kingine kinene zaidi. Mwishowe wenzake wakawa wanamwimbia akivaa viatu: "Mwacheni mzee, ana magodoro miguuni, anataka kulala!" Naye alikuwa anacheka nao. Beki wa kati anayelalamika maumivu huchezewa rafu na washambuliaji, halafu husemwa vibaya na wenzake.

Daktari wa timu alimpima akasema utando wa chini ya unyayo umeanza kuchanika pale unapojishika na kisigino, na dawa yake ni kupumzika miezi mitatu au zaidi. Akapeleka habari hizo kwa katibu wa klabu. Katibu ndiye mwenye klabu, hata kama kwenye karatasi kuna mwenyekiti. Jibu likarudi siku hiyo hiyo: "Miezi mitatu nani atakaa nyuma? Mchome ganzi."

Basi akawa anachomwa ganzi kabla ya mechi. Anaingia uwanjani mguu hauna habari, anacheza kama simba, na jioni ganzi ikiisha nampa beseni la maji ya barafu pale kwangu, anauma taulo. Taulo hizo nilizifua mimi. Zina alama za meno mpaka leo.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Alikuwa ameahidiwa mwingine kwa mdomo, na kila alipouliza aliambiwa, "Cheza kwanza, mkataba unakuja." Akiomba atibiwe, katibu anamjibu, "Mtu anayemaliza dakika zote anatibiwa nini?" Akiomba mkataba, katibu yule yule anamjibu, "Mtu mwenye kisigino kibovu anapewa mkataba gani?" Ukigeuka kulia ni ukuta, ukigeuka kushoto ni ukuta huo huo, wamebadilisha rangi tu.

Mkataba wa zamani ulikuwa na kifungu ambacho wachezaji wote walikijua kwa moyo, maana ndicho kilichowapa usingizi. Kilisema mchezaji aliyeumia akiitumikia klabu atatibiwa na klabu, na mkataba wake hautaisha mpaka apone. Na kilisema mchezaji anayeumwa kwa muda mrefu, klabu inaweza kuachana naye. Tulikisoma wote na hatukuona kitu. Nani angejua kwamba katikati ya maneno yale mawili palichimbwa shimo la kumfukia mtu?

Siku moja niliitwa ofisini kwa katibu kupeleka jezi za mfano, achague rangi ya msimu ujao. Nilimkuta Komeo amekaa kwenye kiti kizuri, soda mbele yake, na wajumbe wawili wa kamati pembeni. Nikasimama mlangoni na jezi zangu mkononi.

"Pole sana ndugu yangu," katibu alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia mgonjwa hali. "Nasikia unaumwa."

"Naumwa, kiongozi."

"Unaumwa nini hasa?"

"Kisigino. Asubuhi hata sikanyagi."

"Na umeumwa muda mrefu?"

"Muda mrefu sana, kiongozi. Nimevumilia tu."

Naukumbuka uso wake. Alikuwa amefurahi, masikini. Misimu miwili hakuna kiongozi aliyemwuliza. Alijibu kila swali haraka haraka kama mtu anayeogopa mwenzake asije akaacha kuuliza. Katibu akawageukia wajumbe akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Halafu akachagua jezi ya bluu.

Baada ya siku chache akaitwa tena na kuambiwa mkataba hautakuwepo, na matibabu hayatakuwepo.

"Lakini kifungu kinasema klabu inatibu," Komeo akasema.

"Inatibu aliyeumia. Wewe umesema mwenyewe mbele ya wajumbe kwamba unaumwa. Hukusema umeumia."

"Kiongozi, si ndivyo watu wanavyosema? Hata aliyegongwa na gari anasema anaumwa mguu."

"Mimi lugha sikuitunga," katibu akasema.

Alikuja nyumbani akatusimulia akiwa amesimama, hataki kukaa. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi. Aliiacha pasi juu ya shati mpaka shati likatoa moshi.

Sasa sikilizeni ujasiri wa watu hawa. Ilikuwa imebaki mechi moja, na tulihitaji angalau sare ili tusishuke daraja. Beki wa pili alikuwa na kadi nyekundu. Katibu akampigia simu huyo huyo mgonjwa wake: "Komeo wangu, tuokoe Jumamosi. Ukimaliza hii tutakaa tuzungumze."

"Usiende," nilimwambia.

"Nisipokwenda, watasema ndiyo, anaumwa."

Mdogo wangu ndiye aliyepata njia. Alikuwa anamkanda mguu kwa mafuta, akasema bila kumtazama, "Nenda. Lakini ukifika ujiangushe."

"Nini?"

"Ruka mpira wa juu, ukitua, anguka. Piga kelele. Mwamuzi akuone, machela ije, uwanja mzima ukuone. Kuanzia hapo utakuwa umeumia, na hakuna wa kukubishia."

Komeo akauvuta mguu wake. "Maisha yangu yote nawakemea washambuliaji wanaojiangusha. Leo nijiangushe mimi?"

"Wao walikuwa wanataka penalti. Wewe unataka mguu wako."

Akachukua kitambaa akayafuta mafuta mguuni. Lakini Jumamosi asubuhi, tukiwa kwenye chumba cha vifaa namfungia kandambili zake ndani ya viatu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, kaa karibu na machela."

Nikajua amekubali.

Nilikaa karibu na machela kipindi chote cha kwanza na sehemu kubwa ya cha pili. Ilikuwa sare ya bila kwa bila, na wageni walikuwa wanatubana kwelikweli. Zikiwa zimebaki dakika chache wakapata kona. Mpira ukaja juu, Komeo akaruka akaupiga kichwa, akatua.

Nilikuwa mbali lakini niliona. Hakutua kama mtu. Mguu ulipogusa chini mwili wote ukashtuka, mdomo ukafunguka na sauti haikutoka. Hakukuwa na haja ya kuigiza tena. Nikashika mpini wa machela. Nikasema moyoni, anguka, shemeji, anguka sasa.

Hakuanguka. Alirukaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye mlingoti wa goli, akaushika. Mpira haukuwa umeondoka, ulimwangukia mchezaji wao nje ya boksi, naye akapiga. Kipa alikuwa amelala upande mwingine. Komeo, mkono kwenye mlingoti, akautoa mpira mstarini kwa mguu ule mzima, na kwa hiyo kwa sekunde nzima alisimama juu ya ule mbovu.

Mshambuliaji wao akampita akicheka. "Mzee, si ulale tu?"

"Nilale kwako?" Komeo akamjibu.

Alimaliza mechi ameshika mlingoti. Filimbi ilipolia wote walikimbilia katikati kushangilia, yeye hakuondoka. Nilimfuata nikampa bega.

"Mbona hukuanguka?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira.

"Ningeanguka wangefunga," akasema.

Kiatu kilikataa kutoka. Nilikata kamba kwa mkasi, halafu nikakata na ngozi yenyewe. Daktari alibonyeza mara moja tu akasema, "Utando umekatika wote." Wakati huo katibu akaingia na watu wake, jasho la furaha linamtiririka, akamkumbatia Komeo pale pale kwenye benchi. "Shujaa! Umemaliza mechi kwa miguu yako mwenyewe!"

Mimi mjinga nilidhani ni sifa. Kumbe alikuwa anaweka akiba ya maneno.

Wiki iliyofuata tuliitwa. Nilikwenda kwa sababu ofisi iko ghorofani na Komeo asingeweza ngazi bila bega la mtu. Mdogo wangu alikwenda kwa sababu hakuna wa kumzuia. Wajumbe walikuwa wale wale wawili. Mezani palikuwa na barua ya Komeo kuaga klabu, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi.

"Aliyeumia hutolewa kwa machela," katibu akaeleza kwa upole. "Mwenzetu alimaliza mechi amesimama. Watu wote waliona. Kwa hiyo tunarudi pale pale, ni suala la kiafya. Tia sahihi hapa, tuagane kwa amani."

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Huyu alijikokota mpaka zizini akakuta wanasubiri ngozi.

Komeo alishika kalamu. Hilo lazima niliseme. Alikuwa amechoka, mguu umevimba kama boga, na nadhani angetia sahihi ili tu aruhusiwe kwenda kulala. Mdogo wangu akaivuta barua kutoka chini ya mkono wake, akasoma.

"Hapa mmeandika anaacha mpira kwa kuwa anaumwa."

"Ndiyo, mama."

"Futa. Andika ameumia."

"Siwezi kuandika ameumia, mama. Nimeshaeleza."

"Sawa. Usiandike ameumia." Akairudisha barua mezani kwa kofi. "Andika ameumizwa."

Katibu akacheka, akawatazama wajumbe nao wakacheka. "Ameumizwa! Na nani, mama?"

"Na nyinyi," mtu akasema.

Nikageuka kuangalia ni nani. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilitaka kusema habari za changarawe, matamasha, ganzi, taulo, vyote. Havikutoka. Nilibaki nimesimama na yale maneno mawili, na sikuyarudisha.

"Hata wewe, mzee wa jezi?" katibu akasema.

Komeo akaweka kalamu chini. "Shemeji, nipe bega," akasema. "Twende." Akaziteremka ngazi zile moja moja, hajatia sahihi, na hajaitia mpaka leo.

Kesho yake nilikuta kufuli jipya kwenye mlango wa chumba cha vifaa. Klabu ikatangaza redioni kwamba imeachana na Komeo kwa sababu za kiafya na inamtakia kila la heri. Chama cha wachezaji kinasema shauri letu linasikilizwa. Linasikilizwa na nani sijui. Mguu ulishonwa kwa mchango wa wachezaji wenzake, wale wale waliomwimbia magodoro. Daktari wa hospitali amesema atatembea vizuri, ila mpira ausahau. Na nyasi za uwanja wa mazoezi hazijaota, kwa sababu mwezi huu kuna tamasha tena.

Juzi jioni beki mpya aliyesajiliwa kuziba nafasi yake alibisha hodi nyumbani. Mtu mzima, ana watoto, ametoka timu ya mbali. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akamsalimu Komeo kwa heshima zote, akanigeukia.

"Mzee, samahani. Nimeambiwa wewe ndiye ulikuwa unakata zile kandambili za kuweka kwenye kiatu. Ulikuwa unazikata vipi?"

Komeo, mguu wake juu ya stuli, akamtazama. "Kwani una nini?"

"Si kitu kikubwa, kaka. Naumwa kidogo kisi—"

"Usiseme hivyo!" tukamkemea wote watatu kwa pamoja, mpaka yule bwana akainuka kwenye kiti.