Kiti Nyuma ya Goli

Katika siku zangu zote za chuoni, mwanangu, nakumbuka moja kuliko nyingine, nayo ni siku niliyovaa jezi ya chuo ambacho hakikuwepo tena. Umekuja kuniomba nikueleze mechi ya Kasulu na Kibondo ilivyokuwa, ili nyinyi vijana muifufue kwenye jubilei ya shule yenu. Nimefurahi kuulizwa. Siku hizi siulizwi mengi. Wengi wanaopita hapa huuliza tu kama nimekula. Basi vuta kigoda ukae, nitakueleza, ingawa si habari uliyoitarajia. Magoli na wafungaji utaambiwa na wengine, maana kila mzee wa hapa Kasulu alicheza mechi ile, hata wale ambao hawajawahi kugusa mpira maishani mwao.

Zamani kulikuwa na vyuo viwili vidogo vya ualimu. Kimoja kiliitwa Ruhemba, hapa upande wa Kasulu, kwenye majengo hayo hayo mnayosomea nyinyi leo. Kingine kiliitwa Nyaruhoza, upande wa Kibondo. Watu hawakujisumbua na majina hayo. Kwao ilikuwa Kasulu na Kibondo, basi. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, chuo kimoja kilipanda lori kukifuata kingine, na wanakijiji waliacha shughuli zao wakaja kujaa kando ya uwanja. Wasichana waliimba, wazee walitukanana kwa heshima, na mwaka mzima uliofuata watu walibishana kama goli la mwisho lilikuwa halali.

Mimi hayo niliyasikia tu. Nilipofika Ruhemba kusoma, miaka ya sabini, Nyaruhoza kilikuwa kimeshavunjwa. Wakubwa waliona vyuo vidogo vimezidi, wakakifunga, wanafunzi wakagawanywa huku na huku, na majengo yakawa ghala la tumbaku. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Kumsenga kule Kibondo, nilikuja kusoma kwa mahasimu wa kwetu. Sitakuficha, nilikuwa mpweke. Hawakunionea, hapana. Walinitania tu, na utani ukirudiwa kila siku unachosha. Nikiingia bwaloni, mtu husema, "Kibondo kimefika, ficheni sahani." Wote wanacheka, nami nacheka, halafu nakaa pembeni nakula maharage yangu. Jumapili wenzangu walitembelewa na mama zao na vikapu vya ndizi. Mimi nilikwenda golini peke yangu, nikapiga mpira ukutani na kuudaka.

Ndipo ikaja jubilei ya chuo. Walimu walikaa wakafikiri ni kitu gani kitakachowafurahisha wageni, na wote wakasema: mechi ya Kasulu na Kibondo. Lakini Kibondo iko wapi? Mwalimu wa michezo, mtu mchangamfu aliyependa mambo yaende haraka, akasema hilo si tatizo. Tutaigawa timu yetu, wengine watavaa jezi za Kibondo. Fundi mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, akashona jezi za njano. Sisi tuliozaliwa Kibondo tukaitwa kwanza, na kwa kuwa tulikuwa wachache, tukaongezewa wavulana waliokosa namba. Mimi nikapewa goli.

"Chezeni vizuri," mwalimu alituambia, "ila msisahau sherehe ni ya nani." Tulimwelewa.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tumesimama nje ya uwanja, jezi mpya zinanuka rangi, tukamwona mtu anakuja na baiskeli. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwenye keria ya baiskeli alikuwa amefunga njumu, viatu vya mpira vya zamani, vimepakwa mawese mpaka vinang'aa. Alituona, akashuka, akaegemeza baiskeli. Akainama akaanza kutusalimia kwa makofi, kwa adabu zote za Kiha, "Mwakeye, mwakeye," na huku akimwangalia mmoja mmoja usoni. Alirudia mstari wote. Sikuelewa mara ile alikuwa anatafuta nini.

"Nyinyi mmetoka wapi?" akauliza.

"Sisi ndio Kibondo," mmoja wetu akajibu, wengine wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Akasema jina lake ni Bihame, ni mwalimu wa shule ya msingi Kumsenga, kijijini kwetu kabisa, alikohamia nikiwa nimeshaondoka, na zamani alikuwa winga wa kushoto wa Nyaruhoza. Muuza chumvi aliyepita kijijini kwao alimwambia kwamba mechi ya Kasulu na Kibondo imerudi. Akaomba ruhusa kazini, akapanda baiskeli, akalala njiani pale Makere. "Nimewahi," akasema. "Wenzangu wamefikia wapi?"

Kila mtu aliangalia miguu yake. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwao, ikaniangukia mimi. Nilimweleza kwa Kiha, polepole, kwamba hakuna mwenzake aliyeitwa. Kwamba Kibondo ni sisi. Aliitika, "Eee," akaangalia njumu zake kwenye keria, akaitika tena, "Eee." Heri siku hiyo angekasirika. Mtu akikasirika unajua la kumwambia.

Mwalimu wa michezo aliposikia, alikuja mbio akampa mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba wachezaji wamepangwa tayari, kwamba turubai la wageni limejaa, lakini mtu aliyetoka mbali hivyo hawezi kuachwa amesimama. Akaagiza kiti kutoka darasani. Kiti kikawekwa nyuma ya goli langu, kwa kuwa huko ndiko kulikuwa na nafasi. Bihame alishukuru, akakaa, akaweka njumu zake miguuni. Mbele yake nilikuwa mimi, na nyuma yake hakukuwa na mtu, migomba tu.

Mpira ukaanza. Uwanja mzima uliimba Kasulu. Si unajua ukiwa golini, mwanangu, unasikia vitu ambavyo wenzako hawasikii. Nilimsikia mtu wangu anavyopumua kule nyuma. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Sisi hatukuwa njano. Tulikuwa kijani."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Chuo kizima, walimu na fundi na sisi wenyewe, hakuna aliyemuuliza mtu Kibondo walivaa rangi gani.

Baada ya hapo akaanza kunielekeza. "Yule mrefu atapiga kushoto, mwanangu, usitoke." Nikabaki, mpira ukaja kushoto, nikaudaka. "Rudi nyuma kidogo. Sasa toka!" Nikatoka, nikaupangua kwa ngumi. Nilisahau maneno ya mwalimu wa michezo. Si kwamba niliamua kumpinga, sikuwa na ujasiri huo. Ila kulikuwa na mtu mmoja ananitazama kwa moyo wake wote, na tangu nifike Ruhemba hilo lilikuwa halijanitokea.

Wakati wa mapumziko mwalimu alitukusanya, uso umemvimba. "Wewe golikipa, unataka kuniharibia shughuli? Mgeni rasmi ameniuliza kama Kasulu wamekula." Tulikunywa maji, tukabadilishana magoli.

Nilifika goli la upande wa pili, nikageuka kuangalia. Bihame alikuwa ameinuka. Alibeba njumu mkono mmoja, kiti akakipandisha begani, akaanza kuuzunguka uwanja kando ya chaki. Ilimbidi apite mbele ya turubai la wageni, mbele ya bendi, mbele ya wanafunzi wote. Walimcheka. Kuna aliyepiga mluzi, kuna aliyesema, "Mzee anahamia kijiji kipya!" Miaka ile watu wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na mizigo yao begani, kwa hiyo utani ulieleweka haraka. Yeye alitembea tu. Nilitaka kukimbia nikampokee kile kiti, lakini refa alishapuliza kipenga. Akafika, akakiweka nyuma yangu, akakaa.

"Haya," akasema. "Tuendelee."

Tulifungwa mwishoni kabisa. Beki wangu mmoja, aliyekuwa anataka amani na mwalimu, alisogea kando akampisha yule mrefu, na mpira ule hata ningeongezewa mikono nisingeudaka. Uwanja ukalipuka. Kipenga cha mwisho kikapulizwa, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo linanijia nikiwa nimekaa peke yangu. Wale wenzangu wa Kibondo walivua jezi zao za njano papo hapo, wakazitupa chini, wakakimbilia katikati kucheza ngoma na washindi. Kwa nini wasiende? Wote walikuwa wanafunzi wa Kasulu. Hakuna aliyekuja kutupa mkono wa pole, kwa sababu hapakuwa na aliyeshindwa. Ngoma ikahamia bwaloni, ng'ombe alikuwa ameshaiva, na uwanja ukabaki na mimi na Bihame na jezi kumi za njano kwenye nyasi.

Aliinuka akaanza kuziokota, moja moja, akazikunja, akaziweka juu ya kiti.

"Mwalimu, niwie radhi," nikamwambia.

"Wewe hujanikosea," akasema. "Lakini nitakuambia, na wewe utawaambia wengine siku ukipata nafasi. Kilichovunjwa ni chuo. Sisi tupo. Niko mimi Kumsenga, wako wenzangu Kakonko, yuko mmoja anauza duka pale pale Kibondo mjini. Mngetuma neno kwa muuza chumvi tu tungekuja, hata kwa miguu. Tungekuja na vitambi vyetu, mngetufunga kumi, na tungerudi tunaimba. Mmeona kazi kutuita, mmeona rahisi kutushona."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, akavaa njumu zake, akafunga kamba taratibu. Mpira ulikuwa umesahauliwa karibu na kibendera cha kona. Akaufuata, akauweka kwenye alama ya penalti. Nami nikaenda golini bila kuambiwa.

Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Vua hiyo jezi," akasema. "Mimi nilikuja kucheza na Kasulu."

Nikaivua. Nikasimama kifua wazi na upepo wa jioni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni pale nikawa mtu wa Kasulu. Akapiga. Nikaudaka. Akapiga tena, nikaupangua. Mwanangu, sikumwachia. Ningemwachia ningekuwa nimemtukana, na hilo nililijua bila kufundishwa. Alipiga mingi, pumzi zikawa zinamkata, mguu wa kushoto ukaanza kukumbuka kazi yake. Mwishowe akaupiga mmoja wa chini, pembeni mwa mlingoti. Niliruka, vidole vikaukosa. Nyavu hatukuwa nazo, ukaenda zake mpaka kwenye migomba.

Hakushangilia. Alisimama mikono kiunoni, akauangalia ulikopita. Kisha akaja, akainama kidogo, akapiga makofi ya kuagana kama anavyoagana mtu na mwenyeji wake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Asante, Kasulu," akasema.

Nilimbembeleza aingie bwaloni ale. Akasema njia ni ndefu, angependa afike Makere. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Likizo iliyofuata nilipita shuleni kwake Kumsenga kumtafuta, nikaambiwa amehamishwa, na aliyenijibu hakujua ni wapi. Sikumwona tena.

Sasa sikia nasaha yangu, maana ndiyo uliyoifuata ingawa hukujua. Mkitaka kuifufua mechi ile, msianze na jezi. Msianze na turubai wala mgeni rasmi. Anzeni na watu. Pandeni basi mwende Kibondo, mwingie madukani, mwende kanisani na msikitini, muulize ni nani alisoma Nyaruhoza au baba yake alisoma huko. Mkimpata hata mmoja, mzee kama mimi, muulizeni rangi yao ilikuwa gani. Akija, msimtafutie kiti kwanza. Mtafutieni mwenzake wa kucheza naye, hata kama ni kupiga mpira mmoja tu na fimbo yake mkononi. Na mkicheza naye, chezeni kweli, msimhurumie. Na hilo si la mpira peke yake. Katika maisha utashindana na watu, utawashinda, na iko siku hawatakuwepo tena uwanjani. Usimvalishe mtu mwingine nguo zao ukasema ndio hao. Waite.

Mwenyezi Mungu akuwekee mkono, mwanangu. Akujalie nguvu miguuni, akupe marafiki watakaokutania bila kukuumiza, na akupe mshindani mwema atakayekutafuta hata kwa baiskeli. Asikukalishe peke yako uzeeni.

Nami nimeshazeeka. Ruhemba nacho kilivunjwa, kama ujuavyo, na wale waliocheza ngoma siku ile wengi tumewazika. Siku ya jubilei yenu mimi nitakuja, hata msiponiita. Lakini niiteni.