Kipande cha Tano cha Pazia

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ni fundi wa mapazia. Usimwite mshonaji, atakununia. Mshonaji, kwa maelezo yake, ni mtu wa kukupunguzia suruali, na yeye hajawahi kupunguza suruali ya mtu. Kwa miaka thelathini na minne ameshona mapazia ya hospitali, ya mabweni, ya hoteli mbili, na mara moja tu maishani mwake, pazia la jukwaa. Hilo la jukwaa ndilo lililotaka kutufanya tuachwe na basi.

Mimi nilikuwa karani wa kituo cha treni mpaka nilipostaafu. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba kwangu saa tano ni saa tano. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya treni inayoondoka kwa sababu ya dakika moja, na siwezi kusema niliwahurumia sana.

Binti yangu alitukatia tiketi mbili za ziara ya siku nne: basi, mwongozaji, milima, maziwa, maporomoko. Ziara ilianzia jiji kuu, mbele ya ofisi yao, saa tano kamili asubuhi, na kurudi tungepita njia nyingine bila kuligusa tena jiji. Treni yetu ilifika saa moja na nusu. Tulikuwa na saa tatu na nusu za kuona mji, nami nilikuwa nimezipanga nyumbani kwenye karatasi: mnara wa saa, bustani ya umma, daraja la zamani, soko la maua. Kila kitu na dakika zake.

Wifi akaisoma karatasi yangu pale nje ya stesheni, begi likiwa bado mkononi.

"Ongeza ukumbi wa maigizo," akasema.

"Huo umo kwenye ziara, wifi."

"Umo kwa nje. Basi linapita tu. Nimeisoma ile karatasi yao mara kumi. Mimi nataka kuingia ndani."

"Ndani kuna nini?"

"Kosa langu," akasema.

Nikadhani ni utani wetu wa kawaida. Kisha nikamwona kijasho chembamba juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Tukakaa kwenye ukingo wa njia, naye akanieleza jambo alilolificha miaka ishirini na saba.

Pazia lile ni la mahameli nyekundu. Mahameli ina vinyweleo: ukiipapasa kwenda chini vinalala, ukiipapasa kwenda juu vinasimama. Vipande vyote vya pazia lazima vielekee upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana kimepauka kando ya wenzake hata kama vyote vimetoka kwenye jora moja. Ndiyo maana fundi huchora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande. Kaka yangu, ambaye sote tulimwita Mashoto kwa sababu alikata na kushona kwa mkono wa kushoto, alikuwa na wimbo wake karakanani: mshale kwanza, mkasi baadaye. Alikuwa mtu wa kukaripia hata kijiko kilichowekwa kichwa chini.

Pazia lilikuwa na nusu mbili. Wifi alishona nusu ya kushoto, kaka akashona ya kulia, vipande kumi na viwili kila mmoja. Wakati ule wifi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, wiki ya tatu hajalala, na chaki ya kipande cha tano ilikuwa imefutika. Akakipapasa, akakisia, akashona. Kaka akalikunja pazia akaja nalo mjini kulitundika, peke yake. Kesho yake wifi akifagia chini ya mashine akaokota kibaki kilichokatwa kwenye kipande kile, namba tano imeandikwa, mshale wake wazi kabisa. Juu alikuwa amepafanya chini.

"Nikangoja simu ya lawama," akasema. "Haikuja. Kakako alisema atakaa siku mbili, akakaa nne. Akarudi macho mekundu. Eti kamba zilisumbua. Nikamuuliza, pazia je? Akasema, 'Limekaa.' Basi. Na mimi, wifi yangu, kwa zile siku mbili nikamshuku ana mwanamke. Nilimnunia wiki nzima."

"Hukumwambia kuhusu kipande?"

"Ningemwambiaje mtu yule? Wewe ungemwambia?"

Nisingemwambia. Kaka amefariki mwaka wa tatu huu, na bado nikiweka kijiko naangalia kimekaaje.

"Kama kosa linaonekana," wifi akasema, "basi aliliona. Na kama aliliona akanyamaza, mume wangu amekufa akinijua mimi ni fundi mbovu. Nataka kujua hilo tu. Nikishajua, hayo maporomoko yenu nitayaangalia."

Nikapiga moyo konde, nikalifuta soko la maua kwenye karatasi.

Ukumbi ulikuwa mwendo wa robo saa. Tulipofika mlinzi wa geti akatuangalia mabegi yetu, akatuangalia sisi.

"Ofisi inafunguliwa saa nne, mama zangu."

"Ni dakika tano tu, baba."

"Hata ziwe mbili. Saa nne."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikasema basi, tusikae hapa kama wadai, twende tukauone mji. Hiyo ndiyo ziara mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Mnara wa saa tuliuona, na badala ya kunifurahisha ukanichanganya, maana saa yake ilikuwa mbele ya yangu kwa dakika nne. Yangu haijawahi kunidanganya. Lakini basi lingefuata ipi? Nikamuuliza muuza magazeti, akasema mjini kila mtu hufuata ya simu yake. Jibu lile lilinimaliza nguvu.

Bustanini nilimpa wifi simu anipige picha mbele ya chemchemi. Baadaye nilipoiangalia nikaona viatu vyangu na kipande cha chemchemi. Darajani hakutazama mto hata mara moja. Alishika pochi kwa mikono miwili, na kila baada ya hatua kadhaa akaifungua, akatazama ndani, akaifunga.

"Umebeba nini humo, wifi? Kifaranga?"

Akanionyesha. Ndani ya leso kulikuwa na kile kibaki chenyewe, mahameli nyekundu ukubwa wa kiganja, chaki ya namba tano bado inasomeka. Alikuwa akikiweka ndani ya kopo la vifungo miaka yote, na karakanani hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kopo lile. Mimi nilidhani anaficha akiba. Nilimtania kwa hilo kopo kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya watu. Nikaona aibu.

Saa nne na dakika moja tulikuwa getini. Mlinzi akatufungulia, akatuelekeza kwa mtunza jukwaa, mzee mwenye shada la funguo na miwani iliyofungwa uzi. Naye hakuwepo. Alikuwa ghorofani. Tukangoja kwenye benchi la korido dakika ishirini na mbili, nilizihesabu zote. Kutoka pale mpaka kwenye basi ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu ya vijana, na miguu yangu si ya vijana.

"Wifi, haraka haraka haina baraka," akaninong'oneza, kwa sababu nilikuwa nikigongagonga kisigino.

"Waliotunga hiyo hawakuwa na tiketi," nikamwambia.

Mzee aliposhuka akatusikiliza, akatikisa kichwa. Wageni hawaingii jukwaani bila barua. Nikaanza kubishana kwa ile sauti yangu ya dirisha la tiketi, na mzee akaanza kupandisha mabega, nikajua nimeharibu. Hapo wifi, mtu asiyesema mbele ya wageni, akafungua pochi, akakunjua leso juu ya meza, akaweka kile kibaki mbele ya mzee.

Mzee akakigusa kwa kidole. Akakipapasa kwenda chini, kisha kwenda juu.

"Hii nguo naijua," akasema. "Umeipata wapi?"

"Nimeishona."

Akachukua funguo.

Ukumbini kulikuwa na giza, na pazia lilikuwa limefunguliwa, limekusanywa pembeni kwa mikunjo, huoni kitu. Mzee akasema mashine ya kulifunga ni ya zamani, tuwe na subira. Saa yangu ilisema saa nne na dakika thelathini na tano. Tukakaa viti vya mbele. Juu kitu kikaguna, taa za jukwaa zikawaka moja moja, na nusu ya kushoto ikaanza kutoka, taratibu kweli kweli.

Kipande cha kwanza. Cha pili. Wifi alinishika mkono mpaka pete ikaniuma. Cha tatu. Cha nne.

Cha tano kilikuwa kimepauka. Hakikuhitaji macho ya fundi. Kutoka juu mpaka chini ulikuwa mstari mweupe mweupe katikati ya wekundu, hata kipofu angeuliza.

"Aliona," wifi akasema. "Aliona, wifi. Miaka yote ile aliona." Akainamisha kichwa magotini. Ningemwambia nini? Kwamba kaka hakuona? Kaka aliyeona kijiko?

Nusu ya kulia ilikuwa bado inakuja. Niliitazama kwa kukosa pa kutazama. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha nikamvuta wifi sikio, kama tunavyowafanya watoto.

"Inua kichwa," nikamwambia. "Inua kichwa uone."

Upande wa kulia nao ulikuwa na mstari. Upana ule ule, mahali pale pale, cha tano. Nusu mbili zilipogusana katikati, mistari miwili ikasimama sawasawa, na pazia zima likaonekana limekusudiwa hivyo tangu jora.

Mzee akatokea pembeni anafuta mikono. "Mistari yetu hiyo," akasema kwa kujisifu. "Hata tiketi zetu zinachorwa mistari miwili."

Wifi alishapanda jukwaani. Sijui alipitaje zile ngazi. Akaenda moja kwa moja kwenye kipande cha tano cha kulia, akageuza pindo, akausoma mshono kwa kidole.

"Si wa mashine," akasema. "Wa mkono. Umelala kushoto."

Nikapanda na mimi nikautazama. Nilivaa nguo zilizoshonwa na mkono ule utoto wangu wote, sikuhitaji kuambiwa.

"Mlimjua yule fundi?" mzee akauliza. "Mimi wakati ule nilikuwa wa taa. Tulianza kutundika nusu ya kushoto, tukawasha taa, meneja akauliza, mstari ule wa nini? Fundi akatazama kitambo. Akasema, 'Subirini mwenzake.' Basi akaitandaza ile nusu yake hapa chini, akafumua kipande, akakigeuza, akakishona upya kwa mkono. Siku mbili, usiku na mchana. Tulimletea chai hapa hapa. Sisi tulidhani ndivyo kazi inavyofanywa."

"Siku mbili," wifi akasema.

Akakaa chini kwenye mbao za jukwaa, pindo likiwa bado mkononi, akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. "Nilimnunia wiki nzima," akasema. "Wiki nzima simpi hata salamu, naye akakaa kimya." Nikalia na mimi. Kaka yangu alikuwa mtu mgumu, nilishazoea kumkumbuka hivyo, na ghafla nikawa nimefiwa na kaka mwingine kabisa.

Nikatazama saa. Saa tano kasoro dakika nane.

"Basi na liende," nikasema. Maisha yangu yote sijawahi kulitamka neno hilo.

Wifi akajifuta uso kwa ile leso. "Liende wapi? Inuka, wifi. Mimi sasa nataka kuiona milima."

Tulikimbia, mabegi yakitupiga mapaja. Basi lilikuwa linaunguruma, na mwongozaji, kijana mwenye kipaza sauti shingoni, alikuwa na mguu mmoja mlangoni. Simu yake, namshukuru Mungu, ilikuwa nyuma ya saa yangu.

Mtaa wa tatu tukapita mbele ya ukumbi. "Kulia kwenu," akatangaza, "ni ukumbi wetu maarufu wa maigizo. Pazia lake lina mistari miwili, ambayo inasemekana ni ishara ya mito miwili ya nchi hii."

Wifi akasimama. Mtu yule asiyesema mbele ya wageni akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Samahani, mwanangu. Mstari wa kushoto ni kosa langu, niliukosea mimi. Wa kulia ni wa mume wangu."

"Naye alikosea, mama?" kijana akauliza.

"Yeye alikosea makusudi," wifi akasema, "ili nisiwe peke yangu."

Watu wakageuka madirishani, lakini ukumbi ulikuwa umeshapita. Wifi akakaa, akanilalia begani, akalala usingizi mpaka milimani.