Sosi ya Leonida

Mimi sipendi kumsifu wifi yangu. Leonida alikuwa na maringo tangu siku alipoolewa na kaka yangu Piusi, na akinuna ananuna wiki nzima. Lakini habari hii ni yake, na ubaya uliomo ndani ni wangu, kwa hiyo naisimulia kama ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, hapa hapa Rhotia. Piusi alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda Mererani kutafuta mawe, na hata salamu hakutuma. Alimwachia Leonida watoto watatu, na sisi, yaani mimi na Mama, akatuachia Leonida. Basi Leonida akapata kibarua cha kuosha vyombo katika hoteli moja kule juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta. Siku sita analala huko, ya saba anarudi nyumbani. Watoto tuliwalea sisi, na mdogo wao, Qamara, alilala kitandani kwangu. Mimi sikujaliwa kuzaa. Mwanamume aliyenioa alinirudisha kwetu kwa sababu hiyo. Nimeshasema, tusirudie tena. Qamara alikuwa na miaka minne, na aliniita Shangazi kwa sauti ya kuamrisha, nami nilikuwa naitika mbio.

Mama alikuwa amechoka kusikia majirani wakisema mke wa Piusi anasugua masufuria ya wageni. Akawaita wazee wa ukoo wakae, Jumapili ya wiki iliyofuata. Kila mtu alijua watakachosema. Leonida arudi kwa baba yake kule Buger, na watoto wabaki kwetu maana ni wa ukoo wetu. Kwa ajili ya wazee hao Mama alitunza kibuyu cha asali ya Mang'ola, kimening'inia chumbani kwake, akingoja Jumatatu aanze kutengeneza pombe. Wazee wetu hawakati neno koo zikiwa kavu.

Leonida naye alikuwa na lake. Mpishi wa hoteli alikuwa ameacha kazi, na meneja, Bwana Josephati, alikuwa na wageni wanakuja Jumamosi. Watu hao walishawahi kula pale kuku wa sosi tamu na chachu, kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, na sasa waliandika barua kwamba wanaitaka tena. Kumbe sosi ile ilikuwa inatoka kwenye chupa, na chupa zilitoka Nairobi. Stoo haikuwa na chupa, wala siki, na sukari ndiyo usiseme; duka letu la kijiji liliiona mara ya mwisho kabla ya Pasaka.

"Atakayeniletea sosi hiyo, jiko ni lake," Bwana Josephati aliwaambia wafanyakazi. "Akikosekana, naleta mtu mwenye cheti kutoka Moshi."

Mpishi wa pale hupewa chumba, na mwenye chumba huruhusiwa kukaa na wanawe. Umeona sasa. Akipata jiko, anawachukua watoto kabla wazee hawajafika. Akikosa, anafungasha nguo zake peke yake kwenda Buger. Leonida hakunificha, aliniambia yote Alhamisi jioni tukichambua mboga, akiniangalia usoni. Nikamwambia, "Mungu akusaidie, wifi." Nilimaanisha? Sijui. Qamara alikuwa amelala magotini kwangu.

Aliomba ruhusa apikie nyumbani kwa sababu ya vyungu. Kule hotelini masufuria yote ni ya aluminiamu, na chochote kikali kikikaa humo kinageuka rangi na kuwa na ladha ya chuma. Ijumaa kutwa alijaribu vitu. Alianza na limau, lakini likichemka linaleta uchungu. Akajaribu maji ya pombe ya mahindi iliyochacha, nyumba nzima ikanuka kilabu na Mama akatoka kwenda kukaa nje. Nikamshauri maziwa mgando, nikijua yatakatika, na yakakatika kweli. Hakunigombeza. Mwishoni akafungua furushi la ukwaju alioletewa na dereva wa lori la vitunguu kutoka Mang'ola, pamoja na kikombe kimoja cha asali ambayo dereva aliipata kwa Wahadzabe. Akaloweka kidogo, akakamua, akaonja, akafumba macho. "Hii," akasema. Akaacha asali yote kwa ajili ya kesho.

Jumamosi aliamka akapika. Gari la hoteli lingekuwa linatoka Arusha kuchukua nyama na mboga, lingepita hapa kwetu saa sita kwenda juu, na lisingemngoja mtu. Mpaka saa tatu sosi ilikuwa tayari. Ilikuwa nyekundu ya kahawia, inang'aa, inateleza juu ya mwiko bila kukimbia. Nilipewa kidogo kwenye kijiko. Kwanza nilisikia utamu, halafu uchachu ukaja taratibu pembeni mwa ulimi, halafu mate yakajaa nikitaka tena. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa nzuri.

Akakifunika chungu, akakisogeza kwenye makaa kipate moto mdogo. "Niangalizie, wifi," akasema. "Naenda kuoga na kupiga pasi gauni."

Chungu cha pili mafigani kilikuwa cha maharage yangu, kimefunikwa vile vile, vyote viwili kazi ya mfinyanzi mmoja. Jiko lilikuwa limejaa moshi. Nikawa nimeinama, napuliza, machozi yananitoka, mawazo yote yako kwa Qamara. Nani atamfunika usiku huko juu kwenye baridi ile? Mama akaita kutoka uani, "Marsela, maharage umeyatia magadi?"

Kwetu hakuna mwanamke anayepika maharage au makande bila magadi. Mkono unaenda wenyewe kwenye kopo. Ukanienda. Nikachota, nikafunua kifuniko, nikatupia.

Povu lilipanda mpaka juu, likafurika, likazima makaa. Nilisimama nimeshika kopo la magadi. Nilielewa mara moja kwamba nimefunua chungu cha sosi. Povu lilipotulia, ule wekundu ulikuwa umekwenda. Kilichobaki kilikuwa cheusi cheusi. Nikaonja. Kilikuwa chapwa, chenye chumvichumvi, kina ladha ya sabuni.

Leonida aliingia amekwisha kulivaa gauni. Aliangalia chungu, akaangalia kopo, akaniangalia mimi. Nilingoja anipige. Ningefurahi kama angenipiga. Akapiga magoti, akatia ukwaju humo kuirudisha, povu likapanda tena. Akatia tena, akaonja, akatema. Akatia, akaonja, akatema. Mwishowe akaimwaga nyuma ya nyumba na kurudi na chungu kitupu.

"Ukwaju unabaki," alisema bila kunitazama. "Vitunguu vipo, nyanya zipo. Asali imekwisha." Halafu akakaa chini kabisa, kwenye majivu, na gauni lake safi.

Saa nne ilikuwa imepita. Nilitoka jikoni nikaenda chumbani kwa Mama. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia pale pale juu ya kitanda. Nilipokishusha, nikageuka, Mama amesimama mlangoni.

"Ayo," nikamwita, kama nilivyokuwa nikimwita mama utotoni, kwa lugha yetu.

"Asali hiyo ni ya wazee."

"Najua."

"Watakunywa nini?"

"Chai."

"Chai bila sukari?"

"Bila sukari, Ayo."

Mama hakuondoka mlangoni. Alinitazama, na mama yangu alikuwa anajua kutazama. "Ukimpa hiyo, Qamara anaondoka," akasema. "Wewe ndiye utakayebaki na kitanda kitupu, siyo mimi. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria tangu Alhamisi."

"Na yale magadi? Ulikosea, au ulikusudia?"

Nilitaka kusema nilikosea. Nilijua mkono ulienda wenyewe, lakini pia nilijua kwamba tangu asubuhi nilikuwa natamani kitu kitokee, chochote, gari liharibike, mvua inyeshe njia ikatike. Nikasema, "Sijui, Mama." Akasogea pembeni nipite. Alisema tu nisirudi kumwomba asali nyingine maisha yake yote.

Leonida hakuuliza asali imetoka wapi. Alikijua kile kibuyu. Alinifukuza nikae mbali na mafiga, karibu na mlango, kama mtoto mtundu, na nilikwenda nikakaa. Akaosha chungu mara tatu, kila mara anakinusa. Akakamua ukwaju kwenye kitambaa. Akakaanga vitunguu mpaka vikalainika bila kuungua, akatia nyanya, akatia maji ya ukwaju, akakoroga unga wa ngano kidogo kwa maji baridi akaumimina polepole huku akizungusha mwiko. Asali aliiweka mwisho, moto ukiwa umeshuka, maana asali ikichemka sana inaharibika. Alikuwa ana haraka na mikono haikuonyesha. Saa tano na nusu. Watoto walikuwa barabarani wanangoja kusikia gari.

Akaonja. Akaonja tena. Nikamwona anapangusa ulimi kwa kiganja.

"Sisikii," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeonja magadi mengi mno, ulimi umekufa. Sisikii chochote."

Akanyanyuka akaja mlangoni na mwiko, mkono mwingine umekinga chini. Alininyooshea. "Onja wewe."

Hapo ndipo aliponiweka, mimi niliyeiharibu ya kwanza. Ningesema ni nzuri, basi, imekwisha. Angepanda gari na chungu kibaya, Bwana Josephati angeonja, mtu wa Moshi angekuja, wazee wangekaa, na Qamara angelala kwangu usiku ule na usiku wa kesho yake. Hakuna ambaye angejua. Nilionja. Asali ya Mama ilikuwa nzito kuliko ile ya Wahadzabe, na utamu ulikuwa umekaa juu juu, umeufunika uchachu wote. Wageni wangedhani ni jamu.

Qamara akapita mbio nje anapiga kelele kwamba hakuna gari bado.

"Tamu mno," nikasema. "Uchachu hausikiki. Ongeza ukwaju, vijiko viwili. Na chumvi kidogo sana."

Alinitazama kupima kama namdanganya. Alikuwa na haki. Kisha akarudi mafigani, akatia vijiko viwili na chumvi, akaja tena na mwiko. Nikaonja. Kwanza utamu, halafu uchachu ukaja taratibu pembeni mwa ulimi.

"Hiyo hapo," nikasema.

Honi ikalia barabarani. Akafunga chungu kwa kitenge, akakibeba kifuani, na gauni lake likiwa na majivu makalioni, wala hakuna aliyemwambia. Hakuniaga.

Alirudi Jumanne na gari hilo hilo. Wageni walimaliza kuku wote, wakafuta sahani kwa mkate, na Bwana Josephati alilamba kijiko mara mbili, kisha akampa ufunguo wa chumba. Leonida aliwavisha watoto nguo za kanisani. Akaja chumbani kwangu kuchukua shuka la Qamara. Alisimama nalo mkononi, akasema, "Wifi, ulimi wako ni mzuri." Ndiyo shukrani pekee niliyowahi kuisikia kwake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa shukrani. Qamara hakulia. Alipanda gari amefurahi, akaniamuru nipande na mimi, na nilipokataa akanikasirikia, akageuza uso.

Jumapili wazee walikuja. Walikunywa chai bila sukari, wakaongea habari za mvua, wakaondoka mapema. Mama hakunisemesha mpaka mavuno.

Maharage yangu tangu siku ile nayapika bila magadi. Yanakaa motoni kutwa nzima, kuni zinakwisha, na majirani wananicheka kwamba Marsela kasahau kupika. Waache wacheke. Kopo lipo, nimeliweka juu kabisa kwenye dari, mahali ambapo mkono wangu haufiki wenyewe.