Tovuti Yangu ya Omena

Mimi sikusoma. Haya anayaandika mjukuu wangu Akinyi kwa amri yangu, bila kutia chumvi.

Nauza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, Kisumu Ndogo, Kibera. Majuzi nilibuni tovuti: mteja afungue simu, amwone muuzaji wa omena nzuri aliye karibu naye, aende moja kwa moja. Niliamini wazo hilo halijapata kuingia kichwani mwa mtu yeyote Nairobi nzima.

"Dani, wacha kwanza nicheki kama iko," Akinyi akaniomba; Dani ndiyo bibi kwa Kijaluo chetu.

"Thubutu! Ukiiuliza simu, wezi watasikia."

Basi tukaenda Kawangware, kwenye chama cha akina mama wauza samaki. Nilitaka waniunge mkono, wanifanye kiongozi wa jambo hilo. Nilisimama, nikalieleza kwa ufasaha ambao hata mchungaji wangu hana, kisha nikauliza: "Nani kati yenu amewahi kuona kitu kama hiki?"

Mikono yote ikainuka.

"Mnanidanganya," nikasema. "Nionyesheni."

Mama mmoja kijana akaniletea simu yake. "Shosho, si hata wewe uko hapa? Wateja wako ndio walikuweka."

Kweli, ilikuwa picha yangu, nimenuna nyuma ya meza yangu. Chini yake palikuwa na maandishi. Nikamwamuru Akinyi ayasome kwa sauti, watu wote wasikie sifa zangu.

Akinyi akakohoa, akasoma: "Huyu mathe ni mkali, usimuulize bei mara mbili. Lakini omena yake haina mchanga."