Kochi Langu Lilivyopata Kibali cha Maegesho

Asubuhi ile nilitoka nje na kikombe changu cha chai, nikakuta halmashauri imefunga kochi langu kwa kufuli la chuma.

Ndiyo. Kochi. La kukalia.

Lile kufuli kubwa la manjano wanalobania gurudumu la gari lilikuwa limeng'ang'ania mguu wa kochi la watu watatu, kitambaa cha maua, mito miwili. Juu ya mto mmoja wamebandika karatasi: CHOMBO KIMEEGESHWA BILA KIBALI.

Jamani, nimeishi sana duniani. Nimeona mengi, na mengine nimeyatunga mwenyewe. Hili ni la kweli tupu. Anayebisha aje mtaani kwetu aulize, ila asije na gari.

Ilikuwa hivi.

Mimi ni fundi makochi mstaafu. Mtaa wetu ni mwembamba, nyumba zimebanana, ukipiga chafya jirani wa tatu anakuombea afya. Siku moja wakaja watu wa halmashauri na ndoo za rangi, wakachora visanduku vyeupe barabarani, kimoja mbele ya kila nyumba.

Tukadhani ni urembo. Tukawapa na maji ya kunywa.

Kumbe ni mpango mpya wa maegesho ya wakazi. Kuanzia sasa kupaki mtaani ni kwa kibali, na kibali hupewa mkazi mwenye gari. Asiye na gari, kisanduku chake kikae kitupu kama sahani ya maonyesho. Mgeni akapaki sokoni, kisha atembee.

Yote hayo kwa faida yetu, walisema. Halmashauri ikikwambia jambo ni kwa faida yako, funga mlango kwanza, ndipo uulize maswali.

Mimi sina gari. Nina mke.

Mke wangu alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Kila wiki mdogo wake wa kiume alikuwa anakuja na teksi yake, anampeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Daktari hakutuficha: akikosa mazoezi, mguu utakakamaa, na ukishakakamaa ndiyo basi tena.

Sasa kumtoa mke wangu sebuleni hadi mlangoni ni safari. Anapumzika kwenye kabati la vyombo, anapumzika kwenye meza, ananigombeza kidogo, anaendelea. Wiki ya kwanza ya mpango, tulipofika mlangoni, teksi ilishabanwa kufuli.

"Bwana, nimekuja kuchukua mgonjwa!" shemeji akalalamika.

Afisa wa maegesho, jibaba la miwani myeusi ambalo mtaa mzima tulishalibatiza Bwana Kufuli, akapindua karatasi zake taratibu.

"Mgonjwa ana kibali?"

"Mgonjwa ana kiharusi!"

"Hicho hatukitambui."

Wiki iliyofuata shemeji akapiga simu. "Shemeji, dada yangu nampenda, unajua. Lakini teksi hii ndiyo inayolisha watoto."

Ningemlaumu kwa lipi? Mke wangu akashinda sebuleni anajikanda goti mwenyewe. Angenitukana ningefurahi.

Wakazi tukaandika barua ya malalamiko. Wakajibu kwamba wameipokea. Tukaandika ya pili. Wakajibu kwamba ile ya kwanza wamekwishaipokea. Watu wachapakazi kweli.

Ndipo jirani yangu msusi, ambaye wateja wake walikuwa wameanza kumkimbia kwa sababu ya Bwana Kufuli, akanijia na kanuni za mpango mkononi.

"Babu, hebu sikiliza. 'Chombo chochote chenye magurudumu kitakachokaa ndani ya kisanduku bila kibali kitafungwa.' Umesikia? Hawajasema gari!"

Nikamtazama. Akanitazama. Mtoto wa watu ana akili mbovu kama yangu, sijui mamake alikula nini.

Stoo nilikuwa na kochi kuukuu na magurudumu ya kitanda cha hospitali kilichotupwa. Jioni nikayapigilia. Alfajiri tukalisukuma hadi kisandukuni. Kabla chai yangu haijapoa, Bwana Kufuli alishapita.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko.

Kesho yake msusi akatoa kiti chake cha saluni, kile cha kuzunguka. Kikafungwa. Mwokaji wa nyumba ya kona akatoa kabati lake la mikate la kusukuma. Likafungwa, na mikate ndani. Watu wakapiga picha, picha zikazagaa kwenye simu, hadi binti yangu aliye mbali akanipigia: "Baba, lile kochi la maua si letu?"

Halmashauri ikaona aibu. Ikatuita kikao.

Ukumbi ulijaa pomoni. Mezani aliketi mwenyekiti wa kamati, mama mtulivu wa miwani ya kamba, sauti ya upole kama ya muuguzi anayekuandaa kwa sindano.

Nikasimama, nikaweka koti sawa.

"Mheshimiwa, swali langu ni dogo. Kochi ni chombo cha usafiri au si chombo cha usafiri? Kama si chombo, mmelifungia nini? Na kama ni chombo, mbona hamkulipatia kibali?"

Wee! Makofi hayo! Msusi akapiga kigelegele. Mwokaji akapanda juu ya kiti. Kichwa kikanivimba, nusura kigonge feni.

Mwenyekiti akasubiri kelele zipungue. Akatabasamu.

"Mzee, hoja yako imetushinda. Kamati imeamua hivi: kila nyumba, iwe na gari au isiwe nalo, itapata kibali kimoja. Hata cha chombo cha mgeni. Mtutajie tu ni chombo gani, tuandike sasa hivi." Akachukua kalamu. "Tuanze na wewe, mzee wetu. Chombo gani?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Simu zimenyanyuliwa juu zinanirekodi.

Sasa mtu mwenye akili timamu, mwenye mke nyumbani anayejikanda goti, angejibu nini?

Mimi nikavuta pumzi, nikanguruma:

"KOCHI!"

Ukumbi ukapasuka kwa shangwe.

"Kochi," mama akarudia kwa upole, akaandika. "Anayefuata?"

"Kiti cha saluni!" msusi akapaza sauti.

"Kabati la mikate!"

Tulirudi tukiimba. Nilibebwa mabegani, mnanielewa? Mabegani.

Nikamsimulia mke wangu yote, na makofi nikampigia. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo teksi ya mdogo wangu imepata kibali?"

Nikavua koti, nikatafuta pa kulitundika.

"Nyumba moja, kibali kimoja," akasema. "Na cha kwetu ni cha kochi."

"Mama, ilikuwa... watu walikuwa wanashangilia."

"Umenitetea vizuri, baba. Mungu akuzidishie."

Nilitamani ardhi ipasuke, ila nayo ingehitaji kibali.

Siku ya kliniki ilipofika, shemeji akaja kwa miguu. Teksi ameiacha sokoni. Mke wangu akatoka mdogo mdogo hadi mlangoni, akalitazama kochi ndani ya kisanduku, kufuli limeshatolewa, kibali kikimeremeta mgongoni.

"Si ndilo chombo chetu? Nipandisheni."

Tukampandisha. Shemeji akavuta mbele, mimi nikasukuma nyuma. Kwenye kona tukakutana na Bwana Kufuli. Akakagua kibali, akatusimamishia magari tupite. Na saluti akapiga, mshenzi yule.

Hatujafika mbali, mke wangu akapaza sauti: "Simamisheni! Nashuka."

"Mguu je?"

"Bora mguu kuliko aibu hii."

Akashuka, akashika mgongo wa kochi kwa mikono miwili. Likataka kumkimbia.

"Ni jepesi. Wewe, kaa hapo."

"Mimi?"

"Liwe zito. Kaa!"

Nikakaa. Shemeji akashika usukani, yaani mkono wa kochi. Mke wangu akaegemea, akasukuma. Mguu wa kulia, kisha ule wa kushoto ukiburuta. Akapumzika. Akasukuma tena. Nyuma yangu nilisikia anahema, halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

Anacheka.

Sokoni akaipita teksi, akasukuma hadi kliniki. Mtaalamu wa mazoezi alitoka mlangoni akakuta mgonjwa anamsukuma mzima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, nani kakwambia uanze kutembea?"

"Halmashauri," mke wangu akajibu.

Tangu siku hiyo tunakwenda hivyo hivyo kila wiki, na mguu unarudi. Msinipongeze, sikupanga hata kidogo.

Funzo? Ukishindana na halmashauri kwa upuuzi, jua wenzako wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, wewe unajitolea tu. Na ukiulizwa unataka nini, taja kilichokutoa nyumbani, usitaje kinachopigiwa makofi.

Msusi hajanielewa. Juzi ameulizia kibali cha ndoo ya deki.