Koleta Akataa Sifa

Mwaka ule wa ndui, baada ya vita vya Hitla, zahanati ya Ntalikwa ilikuwa na watu wawili tu: Eustace, dresa wa serikali aliyefunga vidonda na kugawa dawa, na Koleta, mjane aliyeosha vidonda, kufua mashuka na kulisha wagonjwa. Walikuwa wamechanjwa. Wakubwa walidhani chanjo inakinga na uchovu pia.

Barua tatu za kuomba msaidizi zilikwenda mjini, hazikujibiwa. Wiki ya sita ya ugonjwa, mama mmoja alileta mtoto aliyekwisha kufa. Eustace akamfunga bendeji mpya, akaandika jina lake katika daftari, akasema, “Mlete tena kesho.” Koleta akamtoa kalamu mkononi, akamketisha.

Kesho yake ikaja motokaa ya Bwana Daktari, Mzungu wa mjini, pamoja na Masolwa, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji. Msaidizi hakuwemo. Daktari alikunjua barua ya pongezi, akaisoma yote.

“Koleta ni chuma,” Masolwa akadakia, akicheka.

Koleta akamgeukia.

“Usiniite chuma, mwanangwa! Chuma hakilii, hakiumwi njaa. Mimi jana nimekula kiazi kimoja. Na huyu Eustace anatibu maiti! Mmekuja kutusifu ili mpate kutusahau vizuri.”

“Nyamaza, mama! Unasema na Bwana Daktari.”

“Nasema naye, ndiyo.” Akamtia daktari beseni mikononi. “Bwana, wodini wako ishirini na wanne. Anza na yule wa mlangoni.”

Watu waliokuwa barazani wakashika vinywa. Daktari akawa mwekundu, kisha akavua koti, akaingia.

Alitoka jua likiwa utosini, mikono ya shati imelowa usaha. “Eustace alilala lini?” akauliza.

“Swali hilo umechelewa nalo mwezi mzima,” Koleta akajibu.

Motokaa ile ile ikampeleka Eustace kwao Kwihara, apumzike. Siku ya tatu wakaja wasaidizi wawili. Masolwa, kwa aibu, akapanga zamu za kaya kupika na kuteka maji, na kila Ijumaa akaja mwenyewe kuuliza nani amechoka. Koleta akaanza kulala nyumbani kwake.

Eustace alirudi baada ya miezi miwili, akapanga chupa za dawa stoo. Lakini hakumgusa mtoto yeyote tena. Watu walimsifu Koleta kwa ulimi wake siku ile. Naye aliwakatiza kwa ukali:

“Barua zilikuwa tatu. Kwa nini ilibidi nipige kelele?”