Mtaa Ulivyompa Kisogo Kakakuona

Nilipokuwa mtoto, Mbagala ilikuwa shamba. Watu wa mjini wakisema "naenda shamba" walimaanisha kwetu, na hawakukosea. Nyuma ya nyumba yetu ya udongo ilikuwepo minazi, baada ya minazi mikorosho, na baada ya mikorosho bonde lililoteremka hadi mto Mzinga, ambako bibi yangu alilima mihogo na mpunga kidogo. Leo hapo pana gereji na nyumba ya wageni. Silalamiki, watu lazima wakae mahali. Nasema tu ili ieleweke kwamba mambo ninayoyaeleza yalitokea humu humu Temeke, si porini.

Bibi Somoe alikuwa mama yake baba, na alitoka Masasi. Wanawake wengine waliteremka bondeni kwa kuwa palikuwa na maji na kuni. Yeye aliteremka pia kutazama. Alimjua mdiria, ndege wa bluu anayejitupa majini kama jiwe, alijua mti anaolala komba, na alijua kichaka cha sange, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu inayochezacheza. Kunionyesha hakutumia maneno mengi. Alinishika kichwa kwa viganja viwili, akakielekeza.

"Umeona?"

"Sijaona, bibi."

"Hujatazama. Tazama."

Na mara jani lilikuwa si jani, lilikuwa kinyonga, na mimi nilibaki mdomo wazi. Wenzangu walimkimbia kinyonga kwa kuwa waliambiwa akikurukia habanduki mpaka radi ipige. Mimi nilijua miguu yake imekaa kama koleo la mhunzi na macho yake kila moja linakwenda njia yake. Mama yangu, ambaye hakuwa na muda wa mambo hayo, alikuwa akitupigia kelele kutoka uani: "Mkishashiba wadudu, mniletee kuni!" Sasa nimekuwa kama yeye, na namwelewa. Lakini macho yangu nilipewa na bibi.

Mwaka ninaousema, mvua za vuli ziligoma. Unga ulipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, na redioni kila siku tuliambiwa tulime, tulime, kilimo cha kufa na kupona. Asubuhi moja tulishuka na bibi kuchimba mihogo. Chini ya kichuguu niliona kitu nikadhani ni nanasi kubwa limedondoka mahali pasipo na minanasi. Nanasi likasogea.

Bibi aliweka jembe chini, akapiga goti moja. "Shikamoo," alisema.

Nikacheka. Akanipiga kibao chepesi cha mgongoni. "Huyo hachekwi. Huyo ni kakakuona, na wewe ndiye umemwona wa kwanza. Mimi na uzee wangu wote nimemwona mara moja, tena amebebwa kwenda kwa mwenye nchi."

Alikuwa mzuri kupita kitu chochote nilichowahi kukiona. Magamba yalipangwa kama vigae vya paa, kila kimoja kimechongwa ncha, rangi ya udongo mkavu. Alitembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayetoka msikitini, mkia umefichwa na nyasi. Alipotusikia alijikunja, akawa mviringo mtupu, hana kichwa wala mkia.

Bibi alinong'ona upesi upesi. Kakakuona hatokei bure. Akionekana huwekewa vitu mbele yake, na anachokiendea ndicho mwaka utakacholeta. Akienda kwenye maji, mvua. Akienda kwenye nafaka, shibe. Akienda kwenye silaha, vita. Lakini lazima arudishwe alipotoka siku ileile, kabla ya jua kuzama, maana akifia mikononi mwa watu, mvua inaondoka naye.

"Basi tumwache hapa hapa," nilisema.

"Hilo ndilo neno," alisema bibi, akaanza kuinuka. Lakini nyuma yetu Mama Chausiku, jirani yetu mwenye sauti inayofika hadi kituoni Rangi Tatu, alikuwa amesimama na ndoo yake. Akaitua. Akapiga kigelegele.

Baada ya hapo kakakuona hakuwa wetu tena. Walikuja wanaume na gunia, wakampeleka juu, kwenye uwanja mbele ya nyumba ya Mzee Pazi, balozi wetu wa nyumba kumi. Mzee Pazi alitoka amevaa shati lake la kijani la mikutano. Aliweka bakuli la maji. Aliweka mahindi. Aliweka panga kwa kuwa mkuki hakuwa nao. Kisha akaingia ndani akatoka na jembe, akaliweka katikati.

"Hilo la nini, balozi?" mtu aliuliza.

"Siasa ni kilimo," alisema Mzee Pazi. "Mnyama naye apewe nafasi."

Tulikaa tukingoja. Mtaa wetu ulikuwa na Wazaramo, Wamakonde, Wangoni na karani mmoja wa kutoka Njombe, na kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema kwao huwekwa mkuki tu, yule alisema bila ngoma haendi popote. Wakaleta ngoma. Kakakuona alizidi kujikaza. Jua lilipanda, na ule uwanja haukuwa na kivuli.

"Labda amelala," alisema karani.

"Halali," alisema Mama Chausiku. "Amezoea kama sie. Anangoja foleni isogee."

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Nilikuwa nimekaa miguuni pake na niliona vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la kanga. Magamba ya ubavuni yalikuwa yakipanda na kushuka haraka mno.

"Mzee Pazi," alisema, "muda wake umekwisha. Mrudisheni."

"Bado hajachagua."

"Atakufa."

"Hafi, ana magamba huyo. Asipochagua leo atalala kwangu kwenye banda la kuku, kesho tumpeleke kwenye tawi la chama wakamwone wakubwa. Huyu sasa ni wa serikali, Bibi Somoe."

"Asubuhi alikuwa wa bonde," alisema bibi.

Kijana mmoja aliyekuwa akiuza dawa sokoni alisogea, akasema kwa adabu kabisa kwamba akifa, yeye anaomba magamba. Hapo ndipo nilipoanza kulia, kimya kimya, kwa kuwa nilijua kwamba wote walikuja kumtazama kwa kumpenda. Hakuna aliyemtakia mabaya, hata yule kijana. Walikuwa wakimuua kwa kumtazama tu.

Bibi akasimama. Alikuwa mfupi, lakini alipotaka kusikika alisikika.

"Kwetu Masasi," alisema, "kakakuona hachagui akikodolewa macho. Nyie wenyewe mkiwekwa hapo kati, mtaa mzima umewakodolea, mtachagua nini? Kwetu watu wote humpa kisogo. Linabaki jicho moja tu, la yule aliyemwona wa kwanza. Huyo ndiye anayeona alichochagua, na ndiye anayetoa habari."

"Na nani alimwona wa kwanza?" aliuliza Mzee Pazi.

"Huyu hapa." Akaniweka mkono kichwani.

Pakawa na minong'ono. Balozi kumgeuzia kisogo mnyama, tena kwa kumwachia habari mtoto wa kike, ilikuwa si jambo dogo. Mzee Pazi alishika kidevu. Mama Chausiku ndiye aliyemaliza shauri.

"Geuka, baba. Au tukose mvua kwa ajili ya shingo yako?"

Bibi aligeuka kwanza. Kisha wanawake, kisha karani, kisha wapiga ngoma. Mwisho wa wote shati la kijani likageuka, nami nikabaki natazama migongo ya mtaa mzima. Sijawahi kusikia Mbagala imenyamaza vile.

Haikuchukua muda. Ule mviringo ulilegea. Kwanza ilitoka pua nyembamba, kisha jicho dogo jeusi. Kisha akafunguka kabisa, na ndani yake, pale tumboni alipokuwa amejikunja tangu asubuhi, alikuwepo mtoto. Mdogo, magamba bado laini, rangi ya ukucha. Mama alimsukuma kwa pua. Mtoto akapanda mkiani kwake, akashika, akalala kifudifudi kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Walianza kwenda. Alinusa bakuli la maji, akapita. Mahindi hakuyatazama. Panga alilizunguka. Jembe alivuka mpini wake kama mtu anayevuka mfereji, mikono kifuani, mtoto akiyumba nyuma, akapenya kwenye ua wa minyaa, akaingia mikoroshoni. Nilingoja mpaka majani yalipoacha kutikisika. Kisha nikasema, "Tayari."

Wote wakageuka. Uwanja ulikuwa na bakuli, mahindi, panga na jembe.

"Yuko wapi?" aliuliza Mzee Pazi.

"Amekwenda."

"Amechagua nini?"

"Hakuchagua kitu. Amevipita vyote."

"Mtoto mwongo huyo!" alisema muuza dawa, na baadhi ya vijana wakaanza kuelekea mikoroshoni. Bibi alisimama njiani, mikono kiunoni, wakasita. Watu wote wakamtazama balozi. Niliona jasho kwenye paji lake. Ameitisha mtaa, ameweka vitu, amewashindisha watu njaa kutwa nzima, na mnyama ameondoka bila neno. Lakini Mzee Pazi hakuchaguliwa kuwa balozi kwa bahati.

"Ndugu zangu," alisema polepole, "amekataa maji ya kupewa. Amekataa mahindi ya kupewa. Hata jembe la kuazimwa amelikataa. Amekwenda kujitafutia mwenyewe." Akainua kidole. "Kujitegemea!"

Makofi yalipigwa, ngoma ikapigwa, watu wakatawanyika wameridhika.

Jioni, tukimenya mihogo, baba aliuliza, "Mama, mbona Masasi mimi sijapata kuisikia mila hiyo ya kisogo?"

"Sasa ipo," alisema bibi.

Baba alipoingia ndani, nilimsimulia bibi habari za mtoto wa kakakuona, ambazo mtaani sikuzitoa. Kisu chake kilisimama. Alitaka kila kitu: rangi, alivyopanda, alivyoshika. Nilipomaliza alinirudisha mwanzo.

"Hukutamani kuona, bibi?"

"Nilitamani sana," alisema. "Ndiyo maana niligeuka wa kwanza."

Mvua zilikuja, zimechelewa. Mtaa ulisema ni kakakuona. Mimi nimesoma, nasema ni mawingu, lakini sibishani na mtu, kwa kuwa najua zisingekuja angesemwa nani.

Nimelea watoto, na nimefanya kazi ambazo hazikuniachia nafasi ya kukaa na kuwaza. Lakini jambo lile limenisaidia zaidi ya mengi niliyofundishwa darasani. Mwaka jana binti yangu mkubwa alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe, na begi moja, akakaa chumbani bila kusema. Shangazi zake walijaa, kila mmoja na mafundisho yake, kila mmoja akimtazama usoni kwa huruma. Wote wanampenda, sikatai. Niliwashukuru, nikawatoa. Kisha nikachukua ungo wa mchele, nikakaa mlangoni kwake, uso wangu nje, nikachambua.

Kutazama ni rahisi. Nilichambua mchele uliokwisha kuwa safi, nikauchambua tena, na shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Jua lilikuwa limeshahama ukutani niliposikia kitanda kinalia nyuma yangu, na miguu inashuka sakafuni.

"Mama," alisema, "kuna chai?"

"Ipo," nilijibu, bila kugeuka.